Gari Alilolikataa Mwalimu Penina

Siku nilipoaga pale gereji, vijana waliniandalia keki na soda, wakasema maneno mazuri ambayo kama wangeyasema mapema kidogo pengine nisingestaafu. Kisha wakaniomba niandike chochote kuhusu kazi, ili kibaki. Nadhani walitarajia siri za injini. Wanisamehe. Injini sikuzijua sana, na zenyewe hazikunipenda. Mimi miaka yangu yote niliishi chini ya gari, kwenye springi, shokapu, bushi na matairi, vitu ambavyo mteja havikumbuki mpaka mgongo umkumbushe.

Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa nini nitayaruka. Wahusika bado wapo, na wengine ni majirani zangu hapa Mkonze.

Nilianza kazi nikiwa kijana kwenye gereji ya zamani upande wa reli, iliyokuwa ikitengeneza malori na magari ya miradi. Fundi mkuu aliitwa Kombo, mtu wa Tanga aliyekuja Dodoma kwa wiki moja kumzika jamaa yake na hakurudi tena kwao. Ukimuuliza kwa nini alibaki, alisema ni kwa sababu ya hali ya hewa. Sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekaa Dodoma kwa sababu hiyo.

Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya iliyopigwa pasi na mama yangu. Nilimwamkia Fundi Kombo, akaitika, akaniangalia mikunjo ya pasi, kisha akasema, "Panda nyuma." Mbele yetu kulikuwa na gari kuukuu la misheni. Nilidhani tunakwenda kuvuta gari lililoharibika. Hatukwenda kuvuta chochote. Tulizunguka mitaa yenye mashimo, tukavuka reli, tukarudi. Alipozima gari akageuka.

"Umesikia nini?"

"Injini inakohoa kidogo, fundi."

"Sikukuuliza injini. Wewe mwenyewe umesikia nini? Mwilini."

Tukazunguka tena. Wiki zangu za mwanzo zote zilikuwa hivyo. Wenzangu walioajiriwa pamoja nami walikuwa wameshika spana na mikono imeshakuwa myeusi. Mimi nilikuwa abiria. Mama aliponiuliza jioni nimejifunza nini, nilimwambia nimejifunza kukaa. Jumapili yake aliomba muda mrefu kuliko kawaida.

Falsafa ya Fundi Kombo ilikuwa fupi. Alisema mwenye gari ni shahidi wa uongo. Ameshika usukani, tuta analiona linakuja, mwili wake umejiandaa. Aliyekaa nyuma tuta linamkuta akiwaza mambo yake; huyo ndiye wa kuuliza. Na ukimuuliza, usimwulize kama gari ni zuri, maana kila mtu atasema ni zuri kwa kuogopa kushushwa njiani. Muulize lilimgonga wapi, na lini.

Alinifundisha pia kusukuma bampa kwa uzito wa mwili na kuachia. Gari likipanda mara moja likatulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kunesa kama linaitikia kwaya, shokapu imekufa. Lisiposhuka kabisa, tafuta nani amelichezea. Alinifundisha kuchomeka mtaimbo kwenye bushi na kusikiliza kwa kiganja kama mpira umepasuka. Alinifundisha kupima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu kwa jua la Dodoma tairi la asubuhi na tairi la saa nane mchana ni matairi mawili tofauti. Geji yake ya upepo ilikuwa ya shaba na hakumwazima mtu. Alipostaafu alirudi Tanga, na habari ya mwisho niliyopata ni kwamba analalamikia unyevu.

Miaka yangu ya katikati sina mengi ya kusimulia, maana ilikuwa mizuri. Barabara zilikuwa mbaya na magari yalikuwa laini. Malori ya mahindi kutoka Kongwa, pikapu za ng'ombe wa mnadani, magari ya mapadre. Yalifika yameinama upande kama wazee waliotoka kwenye pombe, tukayanyoosha, yakaondoka, yakarudi. Kisha Serikali ikahamia kwetu, na lami ikafuata. Barabara zilipokuwa laini, watu wakanunua magari magumu. Halafu lami ileile ikawekewa matuta, na kabla ya matuta ikawekewa rasta, ile mistari iliyoinuka inayotetemesha gari ili dereva azinduke. Sisi mafundi wa chini hatukuwahi kuwa na kazi nyingi kama wakati barabara zilipokuwa nzuri.

Ndipo akaja Edson.

Gari lake ulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa sedani ya michezo kutoka Japani, milango minne, bluu iliyokoza, limekaa chini kiasi kwamba kuku wa jirani waliliangalia kwa usawa wa macho. Rimu zilikuwa kubwa, zinang'aa, na mpira uliozizunguka ulikuwa mwembamba kama mkanda wa suruali. Edson alitoka ndani yake kwa awamu: kwanza mguu, kisha kichwa, kisha maelezo. Alikuwa mchumi katika ofisi moja kule mji wa serikali, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, shati limenyooka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeelekezwa kwako. Nataka ulilainishe gari hili."

"Vizuri."

"Lakini lisionekane limelainishwa."

"Lisionekane na nani?"

Akafikiri. "Na watu," akasema.

Akaendelea kunipa masharti. Lisiinuke. Rimu zisiguswe. Kwenye kona lisiyumbe. Usukani ubaki na ukali wake uleule.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "unataka libaki hivihivi, ila mgongo usijue."

"Hasa," akasema, na akafurahi kwamba nimemwelewa.

Nilimuuliza mgongo wenyewe ni wa nani, kwa sababu wake ulionekana mzima. Akaniambia ni wa mkewe, Penina, mwalimu wa fizikia sekondari moja ya Nzuguni, ambako ndiko walikokuwa wakiishi. Penina alikuwa amefanyiwa upasuaji wa pingili za mgongo, na alipotoka hospitali alikwenda kuuguzwa na mama yake Mlali, upande wa Kongwa. Sasa daktari alikuwa amemruhusu arudi nyumbani na kazini, mradi asitikiswe sana. Kila Jumamosi Edson aliendesha kwenda Mlali kumchukua. Kila Jumamosi Penina aliliangalia gari, akasema hapandi. Na kila Jumamosi mama mkwe, kwa aibu ya kumrudisha mkwe mikono mitupu, alimpa kuku.

"Sasa nimejenga banda," Edson akasema.

"Hukufikiria kukodi gari la kumleta?"

"Nimemwambia hivyo. Ameniuliza, akishafika kwa gari la kukodi, Jumatatu atakwenda kazini na lipi?"

Lilikuwa swali zuri. Nikaanza kumheshimu mwalimu kabla sijamwona.

Kazi tuliianza kwenye upepo, kwa sababu upepo ndio wa kwanza na ndio unaodharauliwa. Matairi yale yalikuwa yamejazwa na fundi wa pancha wa mtaani kwa moyo wake wote. Ukiyagonga kwa ngumi unaumia wewe. Nilifungua mlango wa dereva nikamwonyesha kibandiko kwenye nguzo, kinachosema gari linataka upepo kiasi gani mbele na nyuma. Alikuwa amelimiliki gari hilo mwaka mzima na alikuwa anakifahamu kibandiko hicho. Alidhani ni cha mnunuzi wa kwanza kule Japani. Tukapunguza. Akazunguka nalo mtaa, akarudi akasema kuna tofauti. Tofauti ilikuwepo, ila ilikuwa tofauti ya kati ya kugongwa na nyundo na kugongwa na nyundo iliyofungwa kitambaa.

Chini nikakuta mengine. Springi zilikuwa zimekatwa. Rafiki yake mmoja ndiye aliyezikata ili gari likae chini vizuri, na sasa hata likisimama lilikuwa limeegemea vile vipande vya mpira vinavyowekwa kuzuia shokapu isigonge mwisho. Maana yake gari halikuwa na springi. Lilikuwa na kumbukumbu ya springi. Bushi zilikuwa zimekauka na kupasuka kama midomo ya mtu mwezi wa saba. Nikamwambia tutatafuta springi za urefu wake halisi, na bushi mpya.

"Mzee," akasema, "nimesoma kwamba bolti za bushi zinakazwa gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, bushi inashikwa imejipinda, na gari likishuka inashindana nalo. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa."

Nilishangaa. Hilo mimi nililipata kwa Fundi Kombo baada ya kurudishiwa gari na kupigwa kofi la kisogo. Yeye alilipata kwenye simu amekaa ofisini. Kuanzia siku hiyo tulizungumza kama watu wa kazi moja. Alikuja kila jioni akitoka kazini, akakunja mikono ya shati, akanishikia taa. Mtu anayelipenda gari namna hiyo huwezi kumcheka moja kwa moja. Unasubiri aondoke.

Springi zilipofungwa gari likainuka vidole viwili au zaidi kidogo. Edson alisimama akiliangalia kwa uso wa mzazi ambaye mtoto wake amenyolewa na jirani bila ruhusa.

"Limeinuka," akasema.

"Limesimama," nikamwambia. "Mwanzo lilikuwa limechuchumaa."

Nililiendesha kwenye tuta la mtaani kwetu mara kadhaa, nikakaa nyuma na mwenzangu akaendesha, nikaridhika. Likapanda, likashuka, likatulia. Nikamwambia Edson aliache siku moja zaidi nikaze vitu vya mwisho.

Siku hiyo moja zaidi ndipo alipokuja Mwalimu Penina.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa mkanda mpana wa mgongo juu ya gauni, anatembea kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani. Alikuwa ametoka kliniki. Mlinzi alimletea kiti akakikataa. Kusimama kulimfaa zaidi. Tukasalimiana, akajitambulisha, akaliona gari kwenye kona, akaligeuzia ubavu.

"Umekujaje kutoka Mlali, mwalimu?"

"Kwa basi. Kiti cha mbele, na mto. Basi lenyewe limechoka, lakini lilinibeba kwa adabu."

Kisha akaniambia kilichomleta. Alijua mumewe anashinda pale kila jioni. Shemeji yake mmoja alimwambia. Alitaka nimwambie Edson kwamba haiwezekani.

"Nini haiwezekani?"

"Kulilainisha. Mwambie umejaribu kila kitu, umeshindwa. Wewe ni mzee, atakuamini. Ataliuza."

"Mwalimu, mgongo wako unauma kweli au?"

"Unauma kweli. Ningekuwa nasingizia ningechagua kitu kisichokatwa na kisu." Akaangalia mikono yangu badala ya uso. "Tulikuwa na gari lingine kabla ya hili. Bovu. Likitoka Nzuguni hujui kama litafika Kibaigwa. Linazima njiani, tunashuka, tunasukuma, tunagombana nani alisahau maji ya rejeta. Tulizungumza sana kwenye gari lile, fundi. Tangu hili lije, akiendesha ananyamaza. Ukimuuliza anasema shh, sikiliza. Anasikiliza injini. Tumetoka hapa mpaka Morogoro, ameniambia maneno matatu, na mawili yalikuwa jina la gari."

Nilijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo. Nimeshaombwa mengi na wenye magari. Kuombwa kushindwa ilikuwa mara ya kwanza, na sikujua bei yake kwenye dhamiri. Nilimpenda mama yule, na mumewe nilikuwa nimeshampenda pia, kwa bahati mbaya.

"Nitakuambia nitakachofanya," nikasema. "Sitamdanganya. Lakini wewe ndiye mgongo. Panda tuzunguke. Ukiniambia haifai, nitamwambia haifai, na itakuwa kweli."

Akaniangalia kama anayesahihisha mtihani. "Nakubali," akasema. "Kwa sababu najua jibu."

Akapanda nyuma, taratibu, amejishika paa. Nilimwendesha mwenyewe, polepole, mpaka barabara kubwa ambako kuna rasta tatu kabla ya kivuko cha wanafunzi. Nikapita, nikageuza, nikapita tena. Tuliporudi gereji nikazima gari, nikageuka.

"Limekugonga wapi, na lini?"

Nilitegemea aseme pote na muda wote, tumalize. Na nadhani hilo ndilo alilokuwa amekusudia kusema. Lakini alikuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka mingi, na nilikuwa nimeuliza swali lenye jibu.

"Rasta ya kwanza haina neno," akasema. "Ya pili inauma kuliko ya kwanza. Ya tatu ndiyo imenichoma. Na kimo chake ni kilekile, nimeziangalia. Kwa hiyo tatizo si rasta." Akafumba macho, anahesabu kitu. "Ni kama gari likishabonyea halirudi kwa wakati. Ya pili inalikuta bado limebonyea. Ya tatu inalikuta limebonyea zaidi. Halipewi nafasi ya kushusha pumzi."

Mimi nilikuwa nimelijaribu kwenye tuta moja, na tuta moja haliwezi kukuonyesha jambo hilo. Juu ya kila shokapu ya gari lile kulikuwa na kifundo kidogo cha kuzungusha kwa vidole, kinachopanga shokapu irudi haraka au polepole. Edson alikuwa amevikaza vyote mpaka mwisho, enzi za zile springi zilizokatwa, na mimi nilibadilisha springi nikaviacha vilivyo. Springi laini ilikuwa inataka kuinuka, shokapu inaishikilia chini.

Penina alifumbua macho akaniona usoni.

"Nimejiharibia," akasema. "Sivyo?"

"Kiasi."

"Ungeweza kusema hujaelewa."

"Umeeleza vizuri mno, mwalimu."

Akacheka, akajishika mgongo, akaacha kucheka. Alipokuwa anakwenda kupanda bajaji ya kumpeleka stendi akasimama langoni. "Rimu zile hatakuruhusu kuzivua," akasema, kama mtu anayejua bado ana karata moja mkononi.

Alikuwa sahihi. Jioni Edson alipokuja nilikuwa nimeshavilegeza vifundo, na rasta tatu zikawa ndugu, hakuna aliyezidi mwenzake. Nikamwambia mkewe alipita, akapanda.

"Alipanda?" Akakaa juu ya tairi. "Alisema nini?"

"Alisema rasta ya tatu ndiyo mbaya."

"Hajawahi kuniambia hilo."

"Uliwahi kumuuliza?"

Mengine aliyoniambia mwalimu sikuyagusa. Fundi ukianza kukaza bolti za ndoa za watu, utazikaza ndoa ikiwa inaning'inia.

Nilimweleza kilichobaki. Springi na shokapu zinapokea yale makubwa, matuta na mashimo. Yale madogo, changarawe, viraka vya lami, kingo za daraja, yanapokelewa na mpira wa tairi. Yeye hakuwa na mpira. Alikuwa na rangi nyeusi kuzunguka rimu. Tukiweka rimu ndogo zaidi kidogo na tairi lenye ubavu mnene, kimo cha jumla kikiwa kilekile, kazi itakuwa imekwisha.

"Chochote, mzee wangu," akasema. "Chochote kile. Ila rimu hapana."

"Sawa."

Jumamosi akaenda Mlali na rimu zake. Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua vizuri, gari lilikuwa langoni na yeye amesimama pembeni yake, shati halijanyooka. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema mkewe alilizunguka gari, akalisifia springi, hata akalisukuma bampa. Kisha akainama kwa shida, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole. Kidole hakikuzama. Akarudi kukaa na mama yake, wakaendelea kumenya karanga. Edson alikaa nao kwenye kigoda mpaka jua linashuka, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempokea, kisha akapewa kuku.

"Niliporudi," akasema, "njia nzima nilikuwa naangalia kiti cha pembeni." Akatazama rimu zake mara moja zaidi. "Vua."

Tukavua. Zile mpya zilikuwa za kawaida, za rangi ya fedha, aina inayofungwa kwenye magari ya wahasibu. Gari likawa na sura ya mtu aliyevua miwani ya jua. Edson aliendesha mpaka kwenye kona ya mtaa na kurudi, akasema linayumba. Nikamwambia linayumba kidogo, ndiyo. Ukitaka bega la mtu lilegee, na mkono wake utalegea. Akauliza kama usukani umekuwa mzito wa kujibu. Nikamwambia ndiyo, hata huo. Sikumficha kitu. Gari lilikuwa limepoteza kila alichokipenda, na kazi ilikuwa imefanyika vizuri. Yote mawili yalikuwa kweli, nanyi mtakaoendelea na kazi hii mtayaona pamoja mara nyingi.

Akaniomba niende naye Mlali Jumamosi. Alisema ni kwa ajili ya kitu chochote kitakacholia njiani. Mimi nadhani aliogopa kuwa peke yake akipewa kuku mwingine.

Mama yake Penina alitupokea uani, mama mfupi mwenye khanga mbili na Kiswahili alichokiazima kwa lazima. "Mbukwenyi," akatuamkia Kigogo, nami nikaitika, akafurahi kupata mtu wa kwao. Alilizunguka gari mikono nyuma. "Hili si lile," akaniambia. "Lile lilikuwa la kukimbizia ng'ombe. Hili la kwenda kanisani." Edson alisikia. Aliangalia mbali, kwenye mashamba ya alizeti.

Penina alitoka na begi lake. Alibonyeza tairi kwa kidole, kidole kikazama kidogo. Aliniangalia mimi, si mumewe, kwa jicho la mtu aliyeshindwa kwa haki. Akapanda mbele. Mama yake akanikabidhi kuku, amefungwa miguu, nikapanda naye nyuma.

Barabara ya vumbi ilikwisha bila maneno. Edson aliendesha kama amebeba mayai, Penina ameshika mkanda wa gari, mimi nasikiliza kila bolti niliyoikaza. Tulipoishika lami, tukakaribia rasta za kwanza. Sote watatu tulikaa kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Penina?" Edson akaita.

"Endesha."

"Imekuuma?"

"Nimesema endesha. Ingeniuma ungesikia."

Tulikwenda mwendo mwingine, yeye akiwa ametega sikio upande wa boneti kama desturi yake. Kisha nikaona bega lake limeshuka. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Sauti ya barabara ilikuwa imemezwa na ule mpira mnene, na mtetemo uliokuwa ukimpanda mikononi haukuwepo tena. Alikuwa anaendesha gari la kawaida, Jumamosi ya kawaida, na mkewe yuko pembeni.

"Linayumba," akasema.

"Haliyumbi. Unakata kona kama uko kwenye mashindano."

"Kona ile nimeikata vizuri."

"Ulivuka mstari."

"Mstari gani? Haukuwepo mstari pale."

"Hukuuona. Kama ulivyokuwa huioni ile taa ya rejeta kwenye gari letu la zamani."

"Taa ile ilikuwa imekufa, Penina. Nilikuambia imekufa tangu Gairo."

"Hukuniambia mimi. Labda uliiambia injini."

Wakaendelea. Walipita Mbande wakibishana kuhusu taa, wakafika Chalinze yetu hii ya Dodoma wakiwa wameshahamia kwenye kuku, ni wangapi wamo bandani na nani alimwambia ajenge banda karibu na dirisha la chumba cha kulala. Edson alikuwa anaongea kwa mikono yote miwili, mpaka nikamkumbusha usukani. Penina alikuwa amejiegemeza kwenye kiti, amegeuza uso upande wa mumewe, na mkanda wa gari alikuwa ameshauachia zamani.

Mimi nilikuwa nyuma, kuku amelala miguuni pangu. Mke wangu alifariki miaka michache kabla ya hapo. Sisi tulikuwa tukibishana kuhusu dirisha, lifungwe au liwe wazi usiku, na sasa naweza kuliacha vyovyote nipendavyo. Niliwasikiliza wale wawili njia nzima.

Nasikia mpaka leo gari wanalo. Zile rimu kubwa Edson hakuziuza. Moja imewekewa kioo juu, imekuwa meza sebuleni, na Penina anasema ndiyo matumizi yake sahihi. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya mwisho kabla ya kustaafu. Baada yake nilibadilisha bushi za watu wengine, lakini hakuna aliyelia wala kucheka.

Siku ile tulipofika Nzuguni waliniambia niingie ndani ninywe chai. Nikawaambia siku nyingine. Nilishuka barabarani mbele ya nyumba yao, nikamweka kuku juu ya kiti cha nyuma, nikaaga. Sidhani kama walinisikia. Penina alikuwa anauliza nani atamchinja, Edson anasema huyu hachinjwi, huyu ni wa mayai, na Penina anamwambia huyo ni jogoo. Nikafunga mlango taratibu, nikavuka barabara kutafuta bajaji ya kunifikisha Mkonze.